Pensheni Jamii na siku za mzee wa kijijini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota barazani, kwenye foleni ya malipo, na kwenye simu za watoto walioko mjini wanaotaka kujua mama anapataje zile fedha za wazee. Mengi yanahusu Unguja na Pemba. Pale ambapo Tanzania Bara au Kenya mambo ni tofauti, nimesema. Ninapoandika "bibi" namaanisha bibi yangu mzaa mama, wa kijiji cha pwani ya kusini ya Unguja, ambaye nimemsindikiza kupokea fedha zake mara nyingi mno.

## Mambo ya msingi

1. Pensheni Jamii ni nini, na inatofautiana vipi na pensheni ya kazini?

Ni fedha ambayo Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inampa mkaazi aliyefikisha miaka 70. Ilianza Aprili 2016. Pensheni ya kazini hutokana na makato ya mshahara, kwa hiyo humfikia aliyekuwa mwalimu, askari au karani. Hii haikumkata mtu chochote. Ndiyo maana yumo mvuvi, mkwezi wa minazi, mama aliyelima mpunga maisha yake yote na yule aliyesuka ukili mpaka vidole vikapinda.

Inalipwa kutoka bajeti ya Serikali yenyewe. Ilipoanza, Afrika Mashariki hakukuwa na mpango mwingine wa kumlipa kila mzee kwa fedha za serikali. Kabla ya hapo, msaada uliojulikana zaidi ulikuwa wa wale wachache waliotunzwa katika nyumba za wazee za Sebleni na Welezo kwa Unguja, na Limbani kwa Pemba. Mzee aliyebaki kijijini alitegemea watoto, majirani na Mwenyezi Mungu.

2. Lazima mzee awe maskini ndipo apewe?

Hapana. Kinachoangaliwa ni umri na ukaazi. Haulizwi ana mashamba mangapi, wala watoto wake wanafanya kazi wapi. Hata aliye na pensheni ya kazini hafungiwi mlango.

Kenya nayo ilifuata njia hiyo mwaka 2018, ilipowafungulia mlango wa Inua Jamii, mpango wa serikali yake wa kuwapa watu fedha, wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni ya kazini. Tanzania Bara haina pensheni ya wazee wote. Kule kuna Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini chini ya TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao hata huku visiwani upo, lakini huo huhesabu kaya wala si mtu, na kaya huchaguliwa kwa umaskini wake.

3. Ni kiasi gani, na kinatosha?

Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Ukiigawa ile ya mwanzo kwa siku 30, unapata shilingi 667 kwa siku. Hii ya sasa inakaribia 1,667.

Haitoshi kuishi, na asikudanganye mtu. Lakini wengi wanaouliza "inatosha?" wanataka kuambiwa kwamba kwa kuwa haitoshi, basi haina maana. Hapo ndipo ninapokataa. Tazama swali la 5 na la 6 uone shilingi 667 zilifanya nini.

4. Kwa nini mwenye watoto Ulaya naye apewe sawa na asiye na mtu?

Hili ndilo swali linalochemsha baraza kuliko yote, nami nitalijibu bila kuzunguka: apewe. Kijijini kwetu, ukitaka kuwachagua maskini kumi katika wazee thelathini, wa kwanza watatu utawajua kwa macho. Waliobaki wote wanafanana. Tofauti ya yule wa kumi na yule wa kumi na moja ni kuku wawili na mlango wa bati. Mmoja ataitwa, mwingine ataachwa, na waliokuwa wakisalimiana asubuhi wataanza kupishana njia.

Kuna na suala la haya. Wapo wazee ambao wangekufa njaa kabla ya kukaa mbele ya kamati kuhesabiwa sufuria. Fedha ikiwa ya kila mwenye miaka 70, mzee anakwenda kuichukua kifua mbele kwa sababu ni ya umri wake, wala hatangazi dhiki. Na huyo mwenye watoto Ulaya, muulize mara ya mwisho walituma lini.

## Nyumbani na dukani

5. Kitu gani hubadilika kwanza?

Watu hutarajia nijibu chakula. Kwa nilivyoona mimi, cha kwanza ni daftari la dukani.

Kabla ya pensheni, bibi alikuwa akimtuma mtoto dukani kuchukua robo ya sukari na kipande cha sabuni, na mtoto anarudi mikono mitupu: "Kasema mpaka lile la nyuma lilipwe." Bibi hakuwa akijibu kitu. Alikunywa maji ya mchaichai bila sukari na akatukanya tusimwambie mtu. Baada ya malipo ya tatu au ya nne, mwenye duka mwenyewe ndiye aliyeanza: "Bibi, chukua tu, tutaandika." Siku hiyo bibi hakuwa na hata senti mkononi. Lakini mwenye duka alikuwa ameshajua kwamba bibi ana siku ya kulipa.

Mpaka leo, akishapokea, hufunga mafundo mawili kwenye pindo la kanga. Fundo moja ni la duka, na hilo hufunguliwa njiani, kabla hajafika nyumbani. La pili ni la mwezi: chumvi, mafuta ya taa, nauli ya hospitali. Sijapata kuona akilifungua la pili ili kulipia la kwanza.

6. Kwa nini mnasisitiza tarehe kuliko kiasi?

Kwa sababu mzee wa kijijini hakuwa mtu asiyepata fedha kabisa. Zilikuwa zinakuja. Mtoto katuma, nazi zimeangushwa, mwani umeuzwa, mgeni kaacha chochote. Shida yake zilikuwa hazina siku. Fedha isiyo na siku huwezi kuipangia. Ikija inakuta shida tano zimesimama mlangoni, na ile inayopiga kelele zaidi ndiyo inayolipwa, hata kama siyo kubwa kuliko nyingine.

Fedha yenye siku mzee huitumia kabla haijafika, na nasema hivyo kwa maana nzuri. Anakopa kwa kipimo. Anamwambia fundi wa paa aje wiki ya kwanza ya mwezi. Anakubali kumlea mjukuu. Anakataa kuuza mbuzi kwa bei ya kutupa kwa sababu ya shilingi elfu kumi za haraka. Kwa maoni yangu, shilingi 20,000 zenye siku humfaa mzee kuliko 60,000 anazopewa sikukuu ya Iddi halafu hajui zitarudi lini.

Ikiwa wewe ni mtoto unayemtumia mama au baba, chukua hili hata kama yaliyobaki utayaacha: tuma kidogo, lakini siku ileile kila mwezi.

7. Mzee hula vizuri zaidi?

Hula mfululizo zaidi, na kwa mzee hilo ni kubwa. Kulala na chai peke yake hupungua. Haipiti wiki nzima bila samaki au dagaa.

Jambo ambalo vijana hatulioni ni meno. Bibi hana meno ya nyuma, na muhogo wa kuchemsha unampiga chenga. Chakula cha bure cha shambani ndicho asichoweza kukitafuna, na anachokiweza kinatoka dukani: mkate wa kuchovya kwenye chai, mchele, unga wa uji. Mzee anaweza kuwa amezungukwa na muhogo na akakonda.

8. Na dawa? Si matibabu ni bure?

Hospitali za Serikali Zanzibar zilifanywa za bure baada ya Mapinduzi, na mzee hadaiwi kumwona daktari. Lakini kuna nauli ya kwenda na kurudi, ya kwake na ya anayemshika mkono. Kuna siku dawa imekwisha na anaandikiwa akanunue.

Presha na kisukari ni magonjwa ya kila siku, hayaponi kwa dozi moja. Mzee anayenunua vidonge fedha ikipatikana huishia kumeza siku moja na kuruka tatu, na presha haimsubiri. Ugonjwa wa kila siku unataka fedha ya kila mwezi. Ndiyo maana ukitaka kujua kama pensheni inafanya kazi, usitazame sufuria tu, tazama pakiti ya dawa iliyochomekwa kwenye paa la makuti juu ya kitanda. Vidonge vilivyobaki vinalingana na siku zilizobaki?

9. Wajukuu wanafaidika, au fedha ni ya mzee peke yake?

Wanafaidika, na mara nyingi wao ndio wa kwanza. Daftari za skuli, sare, nauli na peremende ya Ijumaa hutoka humo.

Ushahidi unaojulikana zaidi ni wa Afrika Kusini. Pale, pensheni ya wazee Weusi ilipandishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili ilingane na ya Wazungu. Mchumi Esther Duflo alilinganisha vipimo vya miili ya watoto na kuona kwamba wajukuu wa kike walioishi na bibi anayepokea pensheni walikuwa na uzito na urefu mzuri zaidi. Fedha iliyoingia mikononi mwa babu haikuonyesha tofauti hiyo. Sisemi babu hawapendi wajukuu. Nasema fedha ya bibi hupita jikoni.

Karibu na kwetu kuna mfano wa Muleba, mkoani Kagera, ambako tangu 2003 shirika la Kwa Wazee limekuwa likiwapa wazee fedha za kila mara. Wengi wao ni mabibi waliobaki na wajukuu baada ya UKIMWI kuwachukua wazazi. Kule mzee ndiye mzazi tena, na pensheni yake ndiyo mshahara wa nyumba.

10. Mzee akipata fedha anaacha kufanya kazi?

Anaacha ile iliyokuwa ikimuumiza, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Kilimo cha mwani kilianza kwetu mwaka 1989, na bibi alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kijijini kuingia. Kazi yenyewe hufuata bamvua. Maji yakitoka sana unakwenda nayo mbali, unainama saa tatu au nne ukifunga vishada kwenye kamba, miguu ndani ya maji, jua utosini, kisha unarudi na gunia bichi kichwani. Alikuwa akiifanya akiwa na miaka sabini na ushei kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kupata chumvi. Pensheni ilipokaa sawa aliacha kwenda kwenye maji ya mbali. Bado anasuka ukili barazani, anafuga kuku wake, na vifaranga huviuza kwa bei anayoitaka yeye.

Wanaosema fedha hii inafuga uvivu wamsindikize mwanamke wa umri huo siku moja tu ya bamvua.

11. Watoto hawaachi kutuma, wakijua Serikali inatoa?

Wapo waliopunguza. Nisingekuwa mkweli nikisema hakuna. Lakini wengi walibadilisha wanachotuma: zamani walituma fedha ya unga, sasa wanachangia mambo makubwa kama paa, choo, miwani au operesheni ya mtoto wa jicho. Na simu zimebadilika. Mama akipiga, mtoto hupokea bila wasiwasi kwamba anaombwa. Mara nyingine mama amepiga kuuliza hali tu.

## Heshima na maneno ya watu

12. Fedha ndogo hivi inaweza kweli kubadilisha heshima ya mzee?

Inaweza. Mtu asiyejua maisha ya kijiji hudhani mzee anataka kupokea tu. Mzee anataka zaidi kutoa. Msiba ukitokea, kuna ubani. Harusi ikija, kuna mchango. Asiye na cha kutoa huanza kuchelewa kufika, halafu anakaa nyuma, halafu anasema anaumwa mguu asiende kabisa. Nimeona wazee waliotoweka hivyo kidogokidogo bila mtu kuwafukuza.

Bibi hutoa shilingi 500, mara nyingine 1,000. Huikunja ndogo kabisa na kuitia kwenye kiganja cha mfiwa, hasemi kitu. Akirudi nyumbani hutembea taratibu katikati ya njia, akisalimia kila baraza.

13. Hawazipotezi? Sigara, pombe, kamari?

Wapo watu wa kila namna katika kila umri. Lakini swali hili limefanyiwa utafiti sana. Mwaka 2014 David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walipitia tafiti 19 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wakakuta kwamba kwa jumla watu wanaopewa fedha hawaongezi matumizi ya pombe na tumbaku.

Kijijini kwetu "anasa" niliyoishuhudia ni kikombe cha kahawa na kashata jioni. Babu mmoja alikuwa akinyweshwa kahawa na wenzake kwa miaka. Alipopokea mara ya kwanza aliwanywesha baraza zima. Kuna waliosema amepoteza fedha ya Serikali. Mimi naona alikuwa akilipa deni.

14. Bei za dukani hazipandi fedha zikiingia kijijini?

Kwa fedha ndogo ya watu wachache, ni vigumu. Huko Siaya, Kenya, shirika la GiveDirectly liligawa takriban dola 1,000 kwa kila kaya katika zaidi ya kaya 10,000, ambayo ni fedha nyingi mno ukilinganisha na pensheni hii. Watafiti walipopima bei, zilikuwa zimepanda kwa takriban asilimia 0.1 tu. Visiwani bei hupandishwa zaidi na bidhaa zinazovuka bahari kuliko na mfuko wa mzee.

## Siku ya malipo

15. Mzee hana cheti cha kuzaliwa. Umri unajulikanaje?

Kinachotangulia ni kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kwa hiyo tarehe iliyomo humo iwe sahihi mapema. Wengi waliandikiwa miaka ya kukisia, tena mara nyingi pungufu. Usingoje afike 70 ndipo mgundue kitambulisho kinasema 64.

Wazee wetu huhesabu kwa matukio. Mapinduzi ya Januari 1964 ndiyo kigingi kikuu: ulikuwa umeshaolewa? Ulikuwa umeanza kufunga Ramadhani? Nani alikuwa mtoto mchanga? Kaeni na watu wa rika lake wawili watatu, mpange matukio, kisha mwende kwa sheha, kiongozi wa Serikali wa eneo lenu, na maelezo yanayofanana. Mzee aliyekuwa na miaka 70 mpango ulipoanza 2016 alizaliwa karibu na 1946, na Mapinduzi yalimkuta kijana wa kama miaka 17.

16. Mzee hawezi kutembea. Anapokeaje?

Muarifuni sheha kabla ya siku ya malipo, siyo asubuhi yake, na muombe mwakilishi anayejulikana aandikwe. Kenya, Inua Jamii inamtambua rasmi mlezi anayepokea kwa niaba ya mzee. Nani achaguliwe? Chagueni anayelala nyumba moja na mzee, na mzee mwenyewe aulizwe mbele ya watu. Mengine yapo swali la 19.

17. Taslimu ni bora, au simu na benki?

Simu inamuokoa mzee na foleni ya juani. Lakini mzee asiyesoma, namba yake ya siri ataijua mjukuu, na anayejua namba ya siri ndiye mwenye fedha. Alama za vidole nazo zina mitihani yake. Mikono iliyoshika jembe miaka hamsini imesuguka mpaka alama zimefutika, na mashine inaikataa mara tatu huku watu wanaguna nyuma.

Foleni ina kitu kimoja ambacho simu haina: wazee hukutana. Wanajuana nani hakuja, na asiyekuja hutembelewa jioni. Kwa mzee aliye mbali au mgonjwa, simu. Kwa anayeweza kutembea, mimi bado napendelea taslimu.

18. Malipo yakichelewa kuna madhara gani? Si zitakuja tu?

Zitakuja, lakini kilichovunjika hakirudi nazo. Kumbuka swali la 6. Mzee ameshakopa kwa tarehe. Ikipita, daftari linajaa, na mwenye duka naye ana deni lake kwa muuza jumla mjini. Mwezi wa pili bila malipo mtoto anaanza tena kurudi mikono mitupu. Dawa zinarukwa. Fedha ya miezi mitatu ikija kwa pamoja, inakuta imeshagawanywa.

Kenya kiwango ni shilingi 2,000 za huko kwa mwezi, na kwa muda mrefu zilikuwa zikilipwa za miezi miwili pamoja. Mzee huizoea hata hiyo, ilimradi miezi miwili isigeuke minne. Natamani kila afisa anayesaini malipo haya alielewe hili. Kupunguza kiasi huumiza, kuchelewesha huharibu mpango mzima. Kama kuna kuchelewa, mzee aambiwe mapema, hata kwa kipaza sauti cha msikiti, ili azungumze na duka lake kabla hajadaiwa mbele za watu.

## Hali ngumu

19. Mtoto au mjukuu anamnyang'anya mzee fedha zake. Tufanye nini?

Mara nyingi haianzi kwa kunyang'anya. Huanza na "bibi, niazime, nitarudisha kesho." Mzee anaona haya kumshtaki damu yake, na mara nyingine anamtegemea huyohuyo kwa maji ya kuoga.

Kilichosaidia kwetu ni vitu vidogo. Mzee arudi kutoka malipo na mwenziwe wa rika. Deni la duka lilipwe njiani. Dawa zinunuliwe siku hiyohiyo. Kinachofika nyumbani kiwe kidogo. Likizidi, sheha ndiye mlango wa kwanza, na ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya inafuata. Tangu mwaka 2020 Zanzibar ina sheria ya mambo ya wazee, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba hayo ni ya ndani ya nyumba. Mwakilishi anayekula fedha ya mzee abadilishwe, hata akiwa mtoto wa kwanza.

20. Mume na mke wote wamefika 70. Wanapata moja?

Wanapata mbili, kila mtu na yake. Ni haki ya mtu, wala si ya nyumba. Kwa wake wengi hiyo ni fedha ya kwanza maishani iliyoandikwa jina lao.

21. Mzee akifariki?

Malipo husimama, na familia ipeleke taarifa kwa sheha bila kuficha. Nafahamu kishawishi: msiba una gharama. Lakini fedha za marehemu zikiendelea kuchukuliwa, wanaokuja kukaguliwa na kusumbuliwa ni wazee waliobaki hai.

Wazee wengi hujiandaa wenyewe. Wapo walionunua sanda yao kwa pensheni na kuiweka sandukuni, wakamuonyesha mtoto mmoja ilipo. Usiogope ukionyeshwa.

22. Ana miaka 63, mwili umeisha. Hakuna kitu kwa ajili yake?

Kwa Pensheni Jamii atasubiri mpaka 70, na sina jibu la kumfurahisha. Tanzania Bara sera ya wazee ya 2003 humwita mtu mzee kuanzia 60, lakini wa miaka 70 ndio waliochaguliwa kwa pensheni Zanzibar na Kenya, na Lesotho kabla yao mwaka 2004, kwa kuwa hao ni wachache na gharama inabebeka. Aliyefanya kazi ya mwili huchoka mapema, na hiyo miaka kumi ya katikati ni mirefu mno. Kama kaya yake ni maskini, aulizie TASAF kwenye shehia. Vinginevyo, turudi kwa watoto na kwa ule ushauri wa mwisho wa swali la 6.

23. Kwa nini wasipewe za mwaka mzima kwa mkupuo, wafungue biashara?

Kijana mpe mkupuo. Mtu wa miaka 75 hataki mtaji wa kuanza upya, anataka kujua kesho atakula nini na kesho kutwa. Na mkupuo una harufu, kila mwenye shida ukooni atafika ndani ya wiki. Fedha ndogo ya kila mwezi inamlinda: anaweza kusema "imekwisha" na ikawa kweli.

24. Mzee ameanza kusahau. Anadai hajalipwa, na amelipwa.

Msibishane naye, wala msicheke. Kwake fedha hii ndiyo saa ya mwezi, na saa ikipotea anaogopa. Bibi ameanza hali hiyo mwaka huu. Nimemtundikia kalenda ukutani, karibu na mlango, na siku ya malipo tumeizungushia kalamu nyekundu. Hakusoma, lakini kila asubuhi anachora mstari mmoja kwa kipande cha mkaa, na akishapokea tunaichomeka risiti ya duka kwenye msumari uleule. Usiku akiamka na kuuliza kama zimekuja, namulika kwa simu, anapapasa msumari, anaigusa karatasi, anarudi kulala.